Nimezima

Fundi baiskeli ninayemsimulia hapa tunagawana naye baraza moja. Kulia ni cherehani yangu, kushoto ni magurudumu yake yanayoning'inia kwenye misumari, na katikati pana kamba niliyoifunga mwenyewe ili grisi yake ijue mpaka. Watu wanamwita Spoku kwa vile ni mrefu na mwembamba kama zile njiti za gurudumu, na yeye huongeza kwamba ukimkaza sana anakatika. Ni mtu wa maneno mengi, mwepesi wa kucheka, mzito wa kurudisha mkasi aliouazima. Kilichokuwa kikitugombanisha ni kimoja tu, redio ya simu yake. Alifungua duka nayo na kufunga nayo, na siku za mpira wateja wangu walipimwa mabega huku mtu anawapigia kelele za bao sikioni.

Kwa hiyo asubuhi alipofungua duka akakaa kimya, simu kaitupa juu ya meza ya vyuma, nilijua kuna jambo.

Ulikuwa mwisho wa kiangazi, majani yamekauka mpaka yanalia yakikanyagwa, na milima iliyo nyuma ya mji wetu ilikuwa imeanza kufuka moshi. Spoku alikuwa ametoka huko wiki hiyo hiyo. Kaka yake anaishi upande wa pili wa milima, kazi yake kurina asali, na kila kiangazi Spoku hupanda basi kwenda kumsaidia. Miaka mingine hurudi na chupa ya asali kwa ajili yangu, pamoja na hadithi za namna alivyowakimbia nyuki. Safari hii chupa ilikuja, hadithi hazikuja. Nilimuuliza kama anaumwa, akasema ni uchovu. Nikamwacha. Nilikuwa na sare za shule za kumaliza, na mtu mzima hakamuliwi kama jipu.

Jipu lilipasuka lenyewe. Shemeji yake, mke wa kaka, alipiga simu saa ya chai. Nilimwona Spoku anasikiliza, anaitikia "ndiyo, shemeji" na "nimesikia, shemeji", na uso wake unazidi kufifia. Kaka alikuwa ameshikwa na watu wa misitu. Moto ulianzia kwenye mteremko ulio na mizinga yake, na watu walimwona kule na bomba lake la kufukizia nyuki moshi. Walikuwa wamemweka kwenye ofisi yao upande ule, na Ijumaa asubuhi gari lingempeleka mahakamani mji mkubwa. Akishafika huko, alisema shemeji, haijulikani atarudi lini.

Nilimpa pole. Nikamwambia kama kaka yake hana kosa basi kweli itajitokeza. Spoku alikuwa ameketi juu ya tairi, viganja vimemfunika macho.

"Kaka hana kosa," akasema. "Mwenye kosa ni mimi."

Akanieleza. Siku ya mwisho ya kurina kaka alikuwa kwenye mzinga wa mbali, na Spoku amebaki kwenye jiwe moja kubwa na bomba la moshi, lile kopo lenye mdomo linalojazwa magome na matambara yanayofuka ili nyuki walegee. Kazi ilikuwa imekwisha. Alishamwaga makaa nyuma ya jiwe, ikabaki kuyatia maji na kuyafukia. Lakini mpira ulikuwa dakika za mwisho, redio iko mfukoni, naye akasimama kidogo asikilize. Kaka haipendi redio ile hata kidogo. Husema nyuki hawana timu. Mchana kutwa alikuwa akimkemea aizime. Basi kutoka kule mbali ikaja sauti ya kaka: "Umezima?" Spoku akashtuka kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni, akabonyeza simu, akajibu kwa sauti kubwa: "Nimezima!"

Kaka aliuliza moto, mdogo mtu akajibu redio.

Hilo peke yake ni kosa la masikio, na masikio hayashitakiwi. Kilichokuwa kikimtafuna Spoku ni kilichofuata. Walishuka na ndoo zao za asali mpaka barabarani, na basi lilipoonekana kwenye kona ndipo yale makaa yakamrudia kichwani. Alijua kabisa kwamba hakuyafukia. Kurudi kulikuwa ni kuupanda mlima upya na kulikosa basi, na basi la kule ni moja kwa siku. Kaka alikuwa pale pale kando yake, anaifunga ndoo kwa kamba isimwagike njiani. Ingetosha kumwambia, kaka, nadhani sikuzima. Hakumwambia, kwa sababu alishasema nimezima na aliona haya kuyala maneno yake. Akajiambia makaa yatajifia yenyewe. Akapanda, akakaa dirishani, akampungia kaka yake mkono.

Sitaki kudanganya, nilikasirika. Nilimuuliza kama hayo amemwambia shemeji yake sasa hivi kwenye simu. Akasema mtandao ulikuwa mbaya. Nikamwambia mtandao huo ni wa ajabu, mzuri wa kusikia kwamba mume wa mtu kashikwa, mbaya wa kusema aliyemponza ni nani. Nikamwambia basi ampigie huyo afisa misitu. Hapo akatikisa kichwa, na kusema kweli alikuwa na hoja. Sauti tu kwenye simu wangesema ni ndugu wamepangana. Neno kama lile ulilete na mwili wako, wakushike.

Tatizo lilikuwa barabara. Mabasi yalikuwa yamesimama kwa ajili ya moto, malori pia. Spoku aliinuka, akazitazama baiskeli zake moja moja, akaishusha ile nzito ya kubebea mizigo. Nikamuuliza kwa nini hachukui nyepesi. Akasema nyepesi itamkatikia spoku njiani, na mimi nikajizuia kucheka kwa kuwa haikuwa siku ya kucheka. Nilimshonea kitambaa cha pamba cha kufunga puani, tabaka mbili, nikakitia mikanda. Aliondoka Jumatano kabla jua halijachomoza, na pampu, viraka, gundi na chupa za maji.

Yaliyofuata alinisimulia baadaye, kidogo kidogo, siku ambazo wateja ni haba.

Mlima wa kwanza aliupanda kwa kusukuma. Watu hudhani safari ya baiskeli ni kuendesha. Milimani ni kutembea ukiwa na chuma cha kukuchelewesha, kisha kuteremka ukiomba breki zisikusaliti. Hewa ilinuka moshi tangu alipoacha nyumba za mwisho. Kufikia mchana majivu yalikuwa yakimwangukia mikononi, laini, kama unga unapopepetwa. Kwenye kizuizi cha kwanza askari alimwambia magari hayapiti. Spoku akamwonyesha kwamba hana gari. Askari akacheka, akamuuliza kuna nini huko cha kumfanya mtu akafukuzie moto kwa baiskeli. Spoku akasema anamfuata kaka yake aliyepatwa na matatizo. Askari akamsifu, akasema ndugu wa namna hii wamekwisha duniani, akainua mti wa kizuizi. Spoku alipita ameinamisha kichwa, na sifa ile ikamkaa shingoni mpaka juu ya mlima.

Aliniambia kitu ambacho sikukitegemea. Alisema moto wenyewe haukumtisha sana. Aliuona jioni ile kwenye mgongo wa mlima wa mbali, mstari mwekundu, unasogea taratibu kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Kilichomtisha ni kwamba alikuwa akiukumbuka ukiwa mdogo. Kila alipoutazama aliona yale makaa nyuma ya jiwe, fungu ambalo viatu vyake viwili vingetosha kulifukia.

Jioni hiyo alifika kwenye shule moja kando ya barabara. Madarasa yalikuwa yamejaa watu waliokimbia moto, magodoro yamepangwa juu ya madawati, kuku wamefungwa miguu chini ya ubao. Walimpokea bila kumuuliza maswali, wakampa maji na pembe ya kulala. Alipoona uani kuna baiskeli zimelala ovyo, nyingine hazina upepo, nyingine minyororo imekatika kwa mbio za kukimbia, hakuweza kukaa. Alitoa vifaa vyake akaanza kutengeneza. Alitengeneza mpaka giza likamzuia, na kila aliyekuja kuuliza atatoa nini aliambiwa atoe shukrani tu. Walimpa shukrani hizo kwa wingi. Mama mmoja alimwombea azidishiwe, mzee mmoja akamwambia kuwa watu wazuri hujulikana siku za shida. Spoku, ambaye kwenye baraza langu hujisifia hata kiraka kilichokaa vizuri, alitamani ardhi ipasuke.

Kabla ya kulala mwenye umri mkubwa kati yao, bibi aliyekuwa amepoteza nyumba na mbuzi wake wote, aliwataka watu wasali pamoja. Aliomba mvua. Aliomba usalama wa vijana waliokuwa huko wakipambana na moto. Kisha sauti yake ikabadilika, akaomba kwamba mtu aliyeuwasha moto ule, popote alipo, asionje usingizi mpaka aje asimame mbele ya watu.

Darasa zima likaitikia amina. Spoku naye akaitikia.

"Ulitaka nifanye nini?" aliniuliza aliponisimulia. "Ninyamaze peke yangu?" Nilimwambia angeweza kusema ni yeye, pale pale. Akasema alifungua mdomo kweli ili aseme, na kilichotoka ni amina. Sikumtania kwa hilo. Ninajua namna mdomo unavyoweza kumkimbia mtu. Ile dua nayo ilijibiwa papo hapo, maana alilala macho wazi, na kulipoanza kupambazuka alisukuma baiskeli yake nje bila kuaga.

Alhamisi ndiyo iliyokuwa siku mbaya. Alikuwa ameshaingia sehemu zilizoungua, na huko hakuna cha kukupa kivuli wala cha kukupa sauti. Miti imesimama myeusi bila majani, ndege hakuna, na upepo ukipita unainua vumbi jeusi linaloingia mpaka kwenye meno. Tairi la nyuma lilitoboka. Akaziba. Likatoboka tena, kwa kuwa barabara ilikuwa imejaa vijiti vilivyochongeka kwa moto. Akaziba tena, gundi ikaisha. Mchana alikula kipande cha mwisho cha mkate alichokuwa nacho.

Mbele kidogo akakutana na gari la maji limeegeshwa. Dereva alikuwa amekaa kivulini mwa gurudumu, macho mekundu. Alimweleza Spoku kwamba njia ya mbele imefungwa na miti iliyoanguka, nayo bado inafuka, hata yeye ameamriwa ageuze. Akamwambia apakie baiskeli, atamshusha mjini kwao kabla ya jua kuzama.

Hapo, Spoku aliniapia, ndipo alipojijua. Alifurahi. Moyo ulimruka kwa furaha ya kupata sababu. Angerudi, angesema alijaribu, njia ilifungwa, shahidi dereva. Hakuna ambaye angemlaumu, hata mimi na mdomo wangu. Alishaishika baiskeli kwa mikono miwili ili aiinue, na dereva ameshafungua ubao wa nyuma. Ndipo akakumbuka kwamba siku ile barabarani pia alikuwa na sababu, tena nzuri, na ilikuwa gari vilevile. Akaiteremsha baiskeli. Alimshukuru dereva akamwambia anaendelea. Dereva akamtazama kama mtu anavyomtazama mgonjwa wa kichwa, akamjazia chupa zake zote maji, akaondoka.

Miti iliyoanguka aliivuka kwa kuibeba baiskeli begani, ile nzito aliyoichagua mwenyewe. Soli ya kiatu kimoja iliyeyuka. Wenyewe husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini ule ulikuwa wake na alijua uzito wake. Alipita chini ya mteremko wa kaka yake jua likishuka. Mizinga mingine ilikuwa bado imening'inia, imekuwa makaa yenye umbo la mizinga. Hakusimama. Alisema angesimama, asingeondoka hapo.

Ijumaa asubuhi aliingia kwenye uwanja wa ofisi ya misitu akiwa anaburuta baiskeli, tairi la nyuma limelala kabisa. Gari lilikuwa limeshawashwa. Kulikuwa na chumba kimoja chenye dawati, ramani iliyofifia ukutani, buti za mpira zimepangwa mlangoni na matawi ya kupigia moto yameegemezwa kwenye kona. Kaka alikuwa kwenye benchi, koti limekunjwa mapajani kwa safari. Afisa misitu, mwanamke aliyekaukwa sauti kwa moshi wa siku hizo zote, alikuwa akifunga dirisha.

Kaka alipomwona, alisimama. Spoku anasema hajawahi kuona mtu anayefurahi kumwona kiasi kile.

"Nilijua utakuja," kaka akasema. Akamgeukia afisa. "Huyu hapa niliyekuwa nikiwaambia. Muulizeni mwenyewe. Mimi mmenichoka."

Afisa alimweka Spoku kwenye kiti, akamweleza mambo yalivyo. Kama kaka yake angekiri tangu mwanzo kwamba ni bahati mbaya, wangeyamaliza huko huko kwa adhabu ndogo. Lakini alikataa katakata. Kila alipoulizwa alijibu jibu moja, kwamba moto hauwezi kuwa wake kwa sababu mdogo wake alimwambia ameuzima, na mdogo wake hamdanganyi. Walimwomba aseme hata labda. Alikataa kusema labda. Wakamwona mkaidi anayetaka kuwasukumia wenzake kosa, na ndiyo maana akapangiwa mahakama.

Spoku alikuwa ameyapanga maneno yake njia nzima. Yalikuwa marefu, yana mwanzo mzuri kuhusu heshima na ndugu. Yote yalipotea.

"Kaka," akasema, "uliponiuliza kama nimezima, mimi nilizima redio."

Kaka hakuelewa. Alitabasamu kidogo, kama anayengoja mwisho wa utani. "Redio gani?"

"Ya simu. Moto sikuuzima. Nilikumbuka tukiwa barabarani, wewe unafunga ndoo. Nikanyamaza."

Nje dereva alizima gari. Kaka alikaa tena kwenye benchi, polepole, akalikunjua koti lake, akalikunja upya. Alipozungumza hakupandisha sauti.

"Niliwaapia hawa watu," akasema. "Niliapa kwa jina la mama."

Spoku alipiga magoti pale pale sakafuni kumwomba radhi. Kaka alimwambia ainuke, watu wana kazi zao. Hakusema amemsamehe wala hakusema hamsamehe.

Adhabu nitaisema sasa niimalize, maana siyo iliyomuuma. Spoku alihukumiwa kufanya kazi kwenye kitalu cha miche mpaka mvua zikapita, kumwagilia asubuhi na kuchimba mashimo mchana kwenye ule ule mteremko alioubeba moyoni. Yule bibi wa shule alipelekewa habari, naye Spoku akapelekwa kusimama mbele yake na mbele ya wengine, na waliyomwambia anayajua yeye. Huku barazani nilipata kimya nilichokiomba miaka yote, na kusema kweli sikukipenda.

Lakini asubuhi ile, baada ya maelezo kuandikwa, afisa alimwambia kaka kwamba yuko huru kwenda kwake. Spoku angebaki. Kaka alivaa koti, akapita mbele ya mdogo wake bila kumtazama, akatoka. Spoku alisikia hatua zake zinavuka uwanja. Kisha zikasimama, zikarudi, na kaka akatokea tena mlangoni.

"Umekula?"

"Nimekula," Spoku akajibu upesi, kama anavyowajibu watu wote ili wasihangaike kwa ajili yake. Tangu kile kipande cha mkate cha jana hakuwa ametia kitu tumboni.

Kaka hakuondoka. Alimtazama usoni, akatazama mikono yake iliyojaa majivu juu ya magoti, akarudi usoni. Walikuwa wamelala kitanda kimoja utotoni, wamekula sahani moja, na maisha yao yote jibu la mdogo mtu lilikuwa likimtosha.

"Nakuuliza tena," akasema. "Umekula?"

Hapo ndipo Spoku alipolia.

"Sijala, kaka."

Kaka akatikisa kichwa, akaenda kumtafutia chakula.